Ardhi yenye ruwaza ya Aktiki si nyufa za ukame

Picha iliyopigwa kutoka angani ya tundra, yaani nyika baridi isiyo na miti ya Aktiki, kaskazini kabisa mwa dunia, ardhi imegawanyika pembenyingi kwa pembenyingi, haikosi mtu wa kuiandikia: "Ukame umefika hata Aktiki!" Sivyo jamani. Hiyo ni ardhi yenye ruwaza: maduara, pembenyingi, vichuguu na mistari inayojitokeza mahali ambapo udongo huganda na kuyeyuka mara kwa mara.

Tope la bwawa hupasuka kwa kukauka, na mvua ikinyesha nyufa hujifunga. Kaskazini mwa Alaska ni habari nyingine kabisa. Huko ardhi iliyokwisha kuganda husinyaa kwa baridi kali hadi ikapasuka. Theluji inapoyeyuka, maji huingia ufani, hukutana na udongo ulioganda mwaka mzima, nayo yakaganda. Majira ya baridi yakirudi, ufa hufunguka palepale. Hivyo, karne baada ya karne, hujengeka kabari ya barafu ambayo huweza kufikia upana wa mita kadhaa. Mjiolojia Ernest Leffingwell alilieleza jambo hili mwaka 1915, kwa hiyo si siri mpya.

Kabari husukuma udongo wa pembeni ukainuka kuwa kingo, na hapo ndipo ruwaza inapoanza kuugeuza udongo wenyewe. Maji hutuama katikati, mimea iliyokufa hukosa hewa ya kuozea, mboji ikarundikana. Hatua chache tu kutoka hapo, juu ya kingo, udongo ni mkavu zaidi. Kabari zikiyeyuka mambo hupinduka: mifereji hudidimia na kujaa maji, katikati kukabaki juu, kukavu.

Kwenye maduara ya tope yasiyo na mimea, joto la kiangazi hupenya chini zaidi kuliko pembeni, ambako mimea ya kuvumwani na mboji huihifadhi baridi. Tena udongo huo hujisukasuka, ukaizika mboji karibu na tabaka lililoganda, ambako huweza kudumu maelfu ya miaka.

Kwa hiyo anayechota udongo mahali pamoja na kuuita "udongo wa tundra" atuambie kwanza: ameuchota katikati, kwenye kingo au mferejini? Na tusiseme pia kwamba kila ruwaza ina ardhi iliyoganda daima chini yake. Juu kwenye Mlima Kenya, sindano za barafu zinazoota usiku na kuyeyuka mchana zinatosha kupanga mawe madogo kwa mistari.