Daktari ameshika simu wodini: anafanya nini?

Malalamiko haya hospitalini tumeyazoea: "Daktari alikuwa anachezea simu badala ya kumsikiliza mgonjwa." Wapo wanaochezea kweli, hilo tusifichane. Lakini katika hospitali zilizohamia mifumo ya kielektroniki, kama GoT-HoMIS inayotumika kwenye vituo vya Serikali Tanzania, simu janja au kishikwambi mkononi mwa daktari kinaweza kuwa ndilo faili lenyewe la mgonjwa. Daktari muungwana atamwambia mgonjwa, "Naandika maelezo yako hapa." Asiposema, una haki ya kumuuliza.

Udaktari una makaratasi mengi kuliko mgonjwa anavyodhani: historia ya ugonjwa, maombi ya vipimo na ya damu, cheti cha dawa, fomu ya bima, barua ya rufaa, muhtasari wa kumruhusu mgonjwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016, uliowafuatilia madaktari 57 wa kliniki, ulionyesha kuwa kwa kila saa moja waliyokuwa na wagonjwa, karibu saa mbili nyingine ziliishia kwenye kompyuta na kazi za mezani. Na hao kompyuta wanazo! Kifaa peke yake hakimpunguzii mtu kazi.

Tazama raundi ya asubuhi. Bingwa yuko mbele, nyuma yake madaktari walio kwenye mafunzo kwa vitendo, kisha muuguzi na toroli la mafaili. Kitanda cha kwanza, bingwa anasema: "Rudieni kipimo cha potasiamu kabla hatujaongeza dawa ya furosemide." Daktari kijana anaandika kwenye kijidaftari chake, msafara unasonga. Raundi ikiisha saa tano ndipo anakaa kuhamisha ya kijidaftari kwenda kwenye faili, ya faili kwenda kwenye fomu ya maabara, halafu anatafutwa mtu wa kupeleka sampuli. Agizo la saa tatu linatekelezwa saa sita, na majibu yakitoka bingwa yuko chumba cha upasuaji. Kwa kishikwambi, ombi linatumwa daktari akiwa bado amesimama kando ya kitanda. Maabara wanaliona papo hapo, muuguzi anatoa damu kabla msafara haujafika kitanda cha nne, na majibu yanarudi kwenye ukurasa uleule wa mgonjwa. Hakuna ndugu anayetumwa "kufuata majibu".

Faida yote hiyo inategemea jambo moja: taarifa iandikwe mara moja tu. Ugonjwa ukishaandikwa kitandani, uingie wenyewe kwenye fomu ya bima, kwenye takwimu za MTUHA, mfumo wa Serikali wa taarifa za huduma za afya, na kwenye muhtasari wa kuruhusiwa. Mfumo mzuri hukataa hata kufunga faili kama sehemu inayodaiwa na bima imeachwa wazi, kwa hiyo madai hayarudishwi wiki kadhaa baadaye, wakati daktari aliyemtibu mgonjwa ameshahamishiwa wodi nyingine. Hospitali inayonunua vishikwambi na bado ikadai faili la karatasi, rejista na fomu zilezile imemwongezea daktari kazi. Ndiyo maana uongozi ukiniuliza kuhusu kununua vifaa, swali langu la kwanza huwa: karatasi gani itaondoka siku hiyo?

Simu nayo ina mipaka yake. Ni nzuri kwa maagizo mafupi, majibu ya vipimo na kukabidhiana zamu. Historia ndefu ya mgonjwa mgeni iandikwe kwenye kibodi. Kwenye kioo kidogo watu hukatisha maneno, na kifupisho cha daktari mmoja ni fumbo kwa mwenzake.

Kisha kuna makundi ya WhatsApp. Ni mepesi, hayana gharama, na karibu kila wodi ina lake. Hapo ndipo picha ya X-ray yenye jina la mgonjwa huingia kwenye simu binafsi za watu thelathini, na wengine walishahama kituo zamani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Picha ya kidonda ni taarifa ya afya. Kifaa cha kazi kiwe na nywila ya kila mtumiaji, kijifunge kikiachwa mezani, na ujumbe wa kitabibu upite ndani ya mfumo wa hospitali. Kifutwe pia kwa kitambaa chenye spiriti, maana kinatoka kitanda hadi kitanda.

Uingereza ina somo zuri. Mwaka 2019 waziri wa afya wa wakati huo, Matt Hancock, alizitaka hospitali za NHS, huduma ya afya ya umma ya nchi hiyo, ziache peja, vile vifaa vidogo vya kumwita mtu kwa mlio, zilizokuwa takriban 130,000, ifikapo mwisho wa 2021. Peja ilimwita daktari bila maelezo ya kutosha. Ilimbidi aache alichokuwa akifanya, atafute simu na kupiga ndipo ajue anaitiwa nini. Hata hivyo ziliruhusiwa kubaki chache kwa dharura, endapo mtandao utakatika.

Kwetu umeme hukatika na mtandao husumbua, kwa hiyo kila wodi iwe na fomu za karatasi za akiba, na ubaoni liandikwe jina la atakayeziingiza kwenye mfumo huduma ikirejea, na kabla ya saa ngapi.