Lupanga kwa siku moja: yanayosemwa Dar na hali halisi ya mlimani

Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024, safari iliyokuwa ikiishia kwenye foleni za Kimara na Kibaha haichukui hata saa mbili. Kikundi cha ofisini au cha kwaya kinaweza kupanga kwenda Jumamosi kupanda Lupanga, kilele cha milima ya Uluguru juu ya mji wa Morogoro, na nafurahi sana kuona watu wakitoka. Ila kuna maneno yanayosambaa kwenye makundi ya WhatsApp ambayo yanaweza kumuumiza mtu.

"Si Kilimanjaro, ni kilima tu."
Hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Watu hulinganisha vilele: Kilimanjaro mita 5,895, Lupanga mita 2,100 na kidogo, basi wanaona kazi ni nyepesi. Lakini miguu haianzi kupanda kutoka baharini. Mji wa Morogoro uko kwenye mita 500 hivi, kwa hiyo anayeanzia mjini anapanda kama mita 1,600, kisha anazishuka zote siku hiyo hiyo. Kule Kilimanjaro, anayepita njia ya Marangu hupanda mita 850 hivi siku ya kwanza, kutoka langoni hadi kambi ya Mandara, halafu analala. Siku yako ya Lupanga ni karibu mara mbili ya ile yake. Unachoepuka ni ugonjwa wa mwinuko tu, kwa kuwa hewa ya Lupanga bado inatosha.

"Tukipanda treni ya asubuhi tutawahi."
Mtawahi kufika Morogoro. Jua huzama saa kumi na mbili na ushee, na chini ya miti giza hutangulia. Kwa Lupanga, laleni Morogoro Ijumaa, muanze kupanda alfajiri. Wanaotaka kwenda na kurudi siku hiyo hiyo waende maporomoko ya Choma au Morningside, penye nyumba ya zamani ya Wajerumani. Ni safari nzuri kabisa, na mgeni wa milima ningempeleka huko kwanza.

"Kunywa maji mengi kadiri uwezavyo."
Jasho hutoka na chumvi. Anayekunywa maji matupu lita kwa lita bila kula anaweza kushusha chumvi ya damu, akapata kichefuchefu, kichwa kikamuuma, akaanza kuchanganyikiwa. Wenzake wakidhani ni kiu na kumwongezea maji, wanamzidishia hatari. Beba maji ya kutosha siku nzima, unywe kidogo kidogo kiu inapokuja, na ule njiani: karanga zenye chumvi, ndizi, chapati. Pakiti mbili tatu za ORS hazina uzito.

"Morogoro joto, koti la nini?"
Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua nyuzi 6 hivi. Ongeza mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi na fulana ya pamba iliyolowa jasho, utatetemeka. Jinzi iache nyumbani.

"Kushuka ni mteremko tu."
Mapaja yamechoka, udongo unateleza, mizizi imelowa, na akili imeshafika stesheni. Kata mwendo, shika fimbo.

"Msitu hauna mwenyewe, kibali cha nini?"
Ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kibali mnakipata Morogoro kabla ya kupanda. Mchukueni na mwongozaji mwenyeji, kwa sababu njia hugawanyika mashambani na mgeni hupotea hata kabla ya kuufikia msitu. Mkipita vijijini, shikamoo kwa wazee kwanza, picha baadaye. Vijito mnavyovivuka huingia Mto Ruvu, na mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ndiyo inayoleta sehemu kubwa ya maji ya bomba Dar es Salaam. Anayenawia sabuni kijitoni au kuacha chupa pale anachafua maji ya Waluguru wanaochota chini kidogo, na ya kwetu Mbezi na Kinondoni.