“Huko mahindini kuna nini?” Dhana potofu kuhusu matembezi ya familia Cedar Rapids

Wifi yangu anaishi Minneapolis, Marekani. Kila watoto wake wakifunga shule huuliza swali lile lile: wakija kwenu Iowa tutawapeleka wapi, huko mahindini kuna nini? Mwisho wa yote tunajazana garini kwenda Chicago, saa nne kwenda na saa nne kurudi, watoto wanaona foleni na wanarudi wamesinzia. Safari hii nilikataa. Nilimwambia tubaki hapa kwetu Cedar Rapids, Iowa, siku tatu, na asiporidhika mafuta ya Chicago nitalipa mimi. Sikumlaumu sana, maana aliyoyaamini kuhusu mji huu ndiyo niliyoyaamini mimi nilipofika.

“Huo ni mji wa viwanda tu”

Viwanda vipo, hata pua inajua. Cha Quaker Oats kiko katikati ya mji. Siku nyingine barabara zinanukia uji, siku nyingine nafaka zenye sukari ambazo watoto hula asubuhi. Lakini bila viwanda mji huu wa watu wapatao 137,000 usingekuwa na nusu ya vivutio vyake.

Mfano ni Brucemore, jumba la kifahari lililojengwa kati ya 1884 na 1886 kwenye eneo ambalo leo lina ekari 26. Aliyelijenga ni Caroline Sinclair, mjane wa mwenye kiwanda cha kusindika nyama. Mumewe alikufa mwaka 1881 kwa kuanguka ndani ya kiwanda chake mwenyewe. Ndani kuna kibaraza cha kulala kilichopambwa na mchoraji Grant Wood, ila watoto wetu walichotaka ni simba tu. Familia ya mwisho kuishi hapo, ya Hall, ilifuga simba, na mmoja amezikwa kwenye makaburi ya wanyama wao pale pale uwanjani. Jina lake Leo. Mpwa wangu wa miaka sita aliuliza kwa nini hawakumwita Simba, nikakosa jibu.

“Makumbusho ya Wacheki ni ya Wacheki”

Kwenye Makumbusho ya Taifa ya Wacheki na Waslovakia ndipo wifi alipogoma hasa. “Mimi na Wacheki wapi na wapi?” Nikamwambia aingie kwanza.

Nyama ya kiwanda cha akina Sinclair ilichinjwa na kukatwa kwa sehemu kubwa na wahamiaji kutoka Bohemia, nchi ya Wacheki, waliofika bila Kiingereza, wakapanga vyumba karibu na kiwanda na kutumiana barua za kuitana. Kama wewe ni Mkongo au Mrundi uliyefika Iowa miaka ya karibuni, ukapata kazi ya zamu ya usiku kupitia binamu yako, hadithi hiyo huhitaji kutafsiriwa. Kwenye makumbusho kuna hata nyumba ndogo ya mhamiaji wa karne ya 19 iliyotengenezwa upya. Wifi aliingia, akapima kwa macho, akauliza walilala wangapi humu. Ni swali lile lile tulilouliza kuhusu nyumba yetu ya kwanza.

Jengo hili lilifunguliwa mwaka 1995 na marais watatu kwa pamoja: Bill Clinton wa Marekani, Václav Havel wa Jamhuri ya Czech na Michal Kováč wa Slovakia. Juni 2008 Mto Cedar ulifurika kuliko wakati wowote uliorekodiwa, maji yakapanda zaidi ya futi 31, yakala kilomita za mraba 26 hivi za mji. Makumbusho yakazama. Wengi huamini kwamba jengo la sasa ni jipya. Si kweli. Mwaka 2011 waling’oa lile lile la zamani, lenye uzito wa tani 1,500 hivi, wakaliburuza mita 146 mbali na mto na kulipandisha mita tatu na zaidi, kisha wakaliongezea sehemu nyingine na kulifungua tena 2012. Mtoto wa kiume wa wifi, ambaye mpaka hapo alikuwa kwenye simu, aliiweka mfukoni.

Ukitoka, mtaa wa jirani ndio Kijiji cha Wacheki. Tafuta kolache: fikiria andazi lililobonyezwa katikati, kisha likajazwa jamu ya plamu au aprikoti.

“Ile picha ya mzee mwenye uma wa nyasi ni mtu na mkewe, na iko Iowa”

Makosa mawili kwa mkupuo. Picha hiyo, American Gothic, aliichora Grant Wood mwaka 1930 hapa hapa Cedar Rapids, lakini mwaka huo huo ilinunuliwa na Art Institute ya Chicago kwa dola 300, na mpaka leo iko huko. Basi kama ni picha hiyo tu unayoifuata, Chicago ni haki yako. Nyumba yenye dirisha la kanisa inayoonekana nyuma ya watu hao iko Eldon, kusini mwa Iowa.

Na hao si mume na mke. Wood alisema ni mkulima na bintiye. Mwanamke ni dada yake mwenyewe, Nan, na mwanamume ni daktari wake wa meno, Byron McKeeby. Hawakuwahi kusimama pamoja mbele ya mchoraji. Kila mmoja alichorwa kwa wakati wake. Ukishajua kwamba yule ni daktari wa meno, uso wake hauutazami tena vile vile.

Kilichobaki mjini, kwa macho yangu, kinapendeza zaidi ya picha yenyewe. Jumba la sanaa la Cedar Rapids ndilo lenye mkusanyiko mkubwa kuliko wote wa kazi za Wood. Tena kuna chumba alichokaa na kufanyia kazi, namba 5 Turner Alley, darini mwa banda la magari ya farasi lililokuwa mali ya wenye biashara ya maziko. Mlango aliutengeneza kwa kifuniko cha jeneza, akauwekea mshale kama wa saa wa kuonyesha kama yupo au ametoka. Angalia kwanza siku zinazofunguliwa, maana si mwaka mzima.

“Msikiti wa kwanza Marekani uko hapo”

Hii nimeisikia hata kwa watu wa hapa, na imekosewa kidogo tu. Msikiti Mama, uliokamilika 1934, ndio wa zamani zaidi kati ya iliyojengwa tangu mwanzo kuwa msikiti na ambayo bado imesimama nchini. Ulikuwapo mwingine uliotangulia, wa Ross, North Dakota, lakini ulikuja kubomolewa.

Waliojenga huu walitoka nchi ambazo leo ni Lebanon na Syria, wengi wao wakiwa wachuuzi waliotembeza bidhaa shamba kwa shamba mpaka wakafungua maduka, na waliujenga Marekani ikiwa katikati ya mdororo wa uchumi. Usitarajie Msikiti wa Gaddafi wa Kampala. Ni jengo dogo la mbao, ukiondoa kuba lake la kijani ungedhani ni shule ya kijijini. Jumuiya ilipokua ikajenga kituo kikubwa zaidi, hili likauzwa, likapita mikono mingi na hata kuwa kanisa, ndipo Waislamu wakalinunua tena mwaka 1990 na kulikarabati. Kwa mtoto wa Kiislamu anayeulizwa shuleni “nyinyi mmekuja lini?”, nusu saa mle ndani inatosha.

“Weusi hawana historia Iowa”

Makumbusho ya Waamerika Weusi wa Iowa yako hapa Cedar Rapids, kando ya mto, na nayo yaliguswa na mafuriko ya 2008. Ukiwa na muda wa kitu kimoja tu, uliza kuhusu Susan Clark wa Muscatine. Alikataliwa shule kwa rangi yake, baba yake Alexander, kinyozi na mfanyabiashara, akaenda mahakamani, na mwaka 1868 Mahakama ya Juu ya Iowa ikampa ushindi. Marekani nzima ilifikia uamuzi wa namna hiyo 1954, miaka 86 baadaye. Alexander Clark alifia Monrovia, akiwa balozi wa Marekani nchini Liberia.

“Kwa familia ya watoto watano, kiingilio kitatumaliza”

Uwanja wa Brucemore kutembea ni bure. Njia za Indian Creek, msituni, bure. Makumbusho mengi nchini hupunguza kiingilio mpaka dola tatu au chini yake ukionyesha EBT, kadi ya msaada wa chakula wa serikali, na maktaba kadhaa za Iowa huazimisha pasi za kuingilia kama zinavyoazimisha vitabu. Uliza tu; hakuna atakayekushangaa.

“Iowa haina bahari”

Leo haina. Siku ya tatu tuliendesha kusini, chini ya saa moja, mpaka bwawa la Coralville. Mwaka 1993 maji yalipita juu ya njia ya dharura ya kutolea maji ya bwawa hilo kwa wiki nne, yakazoa udongo wote na kuacha wazi sakafu ya bahari ya miaka milioni 375 iliyopita. Wakati huo Iowa ilikuwa kusini ya ikweta, chini ya bahari ya joto. Matumbawe yamo kwenye jiwe, na makombe, na mabaki ya jamaa wa kiti cha pweza. Kuingia bure, kuokota marufuku.

Wifi, aliyekulia Tanga, alivua viatu. Akatembea polepole juu ya mwamba kama mtu anayeangalia maji yamekupwa kiasi gani, akainama, akaita: “Njooni muone, tumbawe kabisa!” Kuhusu mafuta ya Chicago hakuna aliyekumbuka kuuliza.