Sheria ya 2014 haikutaja sketi fupi

Katika teksi za Kampala bado utamsikia mtu akimwambia mwanamke aliyevaa sketi fupi kwamba Uganda ina sheria inayomkataza kuivaa. Sheria ya Kupinga Ponografia, iliyotiwa saini Februari 2014 na kubandikwa jina la "sheria ya sketi fupi", haikutaja sketi wala urefu wake. Ilihusu kuonyesha, kwa machapisho, filamu au mitandao, vitendo vya ngono au viungo vya siri kwa lengo la kuamsha ashiki. Marufuku halisi ya sketi fupi ilikuwa ya Idi Amin, mwaka 1972. Hata hivyo, muda mfupi baada ya saini ile, makundi ya wanaume yaliwavua wanawake nguo hadharani hadi polisi ikalazimika kuonya (sketi, inaonekana, husomwa haraka kuliko sheria). Mtandaoni nako, baadhi ya wanawake ambao picha zao za faragha zilivujishwa ndio waliotishiwa mashtaka, si waliozivujisha. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vikuu vya sheria hiyo, kikiwemo kile kilichofafanua ponografia.