Mhusika wa Kimasihi: stelingi anayekufa

Aliyekulia kwenye mabanda ya video anaijua kanuni ya kwanza ya muvi: stelingi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa baharini, lakini hakuna anayenyanyuka kwenye benchi kwa wasiwasi. Sasa chukua The Matrix ya mwaka 1999, filamu ambamo mashine zimewalaza binadamu ndani ya ndoto ya kompyuta. Karibu na mwisho stelingi wake, Neo, anafungua mlango wa chumba namba 303, anakutana uso kwa uso na bastola ya adui yake, Agent Smith, na risasi zinamwingia kifuani moja baada ya nyingine. Anateleza ukutani akiacha michirizi ya damu. Moyo umesimama. Stelingi kafa! Halafu anafumbua macho, anasimama, ananyoosha mkono, na risasi zinaganda hewani mbele yake. Kabla filamu haijaisha anapaa angani.

Mtu anayejua ibada za Pasaka hahitaji kuchorewa ramani. Huyu ndiye anayeitwa mhusika wa Kimasihi: mtu wa kubuni ambaye hadithi yake imefinyangwa kwa umbo la habari za Yesu. Ametabiriwa, au ametoka kusikojulikana, anatenda yasiyowezekana, anasalitiwa na mtu wa karibu, anakufa kwa ajili ya wengine na kurudi. Si lazima awe na yote hayo, wala si lazima filamu iwe ya dini. Filamu ya maisha ya Yesu mwenyewe haiingii hapa, maana pale hakuna cha kufumbua.

Neno lenyewe, Masihi, maana yake ya asili ni mpakwa mafuta. Waislamu nao humwita Isa bin Maryam Al-Masihi, ila Qurani inasema hakuuawa wala hakusulubiwa. Kwa hiyo umbo hili la kufa na kufufuka ni la Kikristo hasa, na watazamaji wawili waliokaa benchi moja wanaweza kuliona kwa macho tofauti.

Mfano wa zamani unaopendwa na wachambuzi ni The Day the Earth Stood Still ya mwaka 1951. Klaatu anashuka Washington kwa chombo kutoka sayari nyingine. Anapotaka kujificha miongoni mwa watu anavaa suti isiyo yake, na kwenye lebo ya dobi limeandikwa jina Carpenter, yaani Seremala. Analichukua liwe lake. Baadaye wanajeshi wanampiga risasi, anakufa, na roboti wake anamrudishia uhai. Hapo wakaguzi wa maadili wa Hollywood wakashtuka, ikabidi Klaatu aseme kwamba mamlaka juu ya uhai na mauti ni ya Roho Mwenyezi peke yake. Waliokuwa wakiilinda dini ndio walioifanya filamu itaje Mungu.

Kwenye The Matrix vidokezo vimetawanywa kama mbegu. Mji wa mwisho wa binadamu ni Zion, Sayuni yenyewe. Msaliti Cypher anapanga usaliti wake mezani, huku akitafuna nyama anayojua wazi kwamba haipo. Meli ya Neo na wenzake ina jina la Nebukadreza, mfalme wa Babeli aliyesumbuliwa na ndoto, na kwenye kibao chake cha chuma pameandikwa Mark III No. 11. Fungua Marko 3:11 uone: pepo wachafu wanaanguka mbele ya Yesu wakilia kwamba yeye ni Mwana wa Mungu.

Kwangu mimi, hata hivyo, majina na namba ni ushahidi dhaifu. Mtu anaweza kubandika mstari wa Biblia kwenye chuma bila kuamini chochote. Swali la maana ni hili: hadithi inasema ugonjwa wa binadamu ni nini, na dawa yake ni ipi? Kwenye The Matrix ugonjwa si dhambi. Ni usingizi. Watu wamelala wakidhani wako macho, na wokovu wao ni kuamka. Hilo liko karibu zaidi na Buddha, jina ambalo maana yake ni aliyeamka. Ndiyo maana yule mtoto anayepinda kijiko kwa mawazo tu na kumfundisha Neo kwamba hakuna kijiko amenyolewa kipara na kuvikwa kama mtawa wa Kibudha. Tena Masihi gani anayeingia mlangoni na bunduki chungu nzima chini ya koti?

Kisha ipo Dune, filamu ya sayari ya jangwa, ambayo msikilizaji wa Kiswahili anaisikia vizuri kuliko wengi. Watu wa jangwani wanamwita kijana mgeni Paul Atreides Mahdi, yaani mwokozi anayengojewa, na Lisan al-Gaib, ulimi wa ghaibu, na sisi neno ghaibu tunalo nyumbani. Madai ya namna hiyo hayakuanzia kwenye filamu. Mwaka 1881 Muhammad Ahmad alijitangaza kuwa Mahdi huko Sudan, na Januari 1885 wafuasi wake wakaiteka Khartoum. Lakini Dune inamgeuza mhusika wa Kimasihi nje ndani. Utabiri ule ulipandwa makusudi na Bene Gesserit, jumuiya ya wanawake wenye hila nyingi, ili siku moja mtu wao akihitaji kimbilio awakute watu wamekwisha kuandaliwa. Masihi anakuja kweli, na anakuja na vita.

Katika sehemu ya pili, iliyotoka mwaka 2024, Paul anakana kwamba yeye ndiye. Stilgar, kiongozi mmoja wa watu wale wa jangwani, macho yakimng'aa, anasema Mahdi ni mnyenyekevu mno hata hawezi kujitaja. Ukumbi hucheka hapo. Mwishoni, wakati wengine wanapiga magoti mbele ya Paul, Chani aliyempenda anabaki amesimama. Anatoka peke yake hadi mchangani, anaita lile nyungunyungu kubwa kama treni, na kusubiri lifike aondoke zake.