Kwa Nini Sola Inasuasua Juni, na Kwa Nini Mara Nyingi Kosa Si la Paneli

Kila mwaka masika yakishaisha na masweta yakitoka kabatini, maswali yanayoletwa chuoni kwetu yanafanana. "Mwalimu, sola yangu imekufa." Ukimdadisi mwenye mali, anakwambia alifungiwa mfumo Januari, na miezi yote ile taa ziliwaka hadi usiku wa manane na televisheni haikukatika katikati ya taarifa ya habari. Sasa ni wiki ya tatu ya Juni, na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kuendesha vyombo vya nyumbani, inalia saa 2 usiku kuashiria betri imeisha. Fundi aliyeitwa amempa majibu mawili: paneli zimechoka, au jua la kipupwe ni dogo. La kwanza ni nadra kuwa kweli. La pili lina ukweli, ila si kwa namna watu wanavyodhani.

Tuanze na hilo jua. Moshi na Arusha ziko nyuzi 3 na kitu kusini mwa ikweta. Siku yetu fupi kuliko zote, mwishoni mwa Juni, bado ina karibu saa 12 za mwanga, na ile ndefu kuliko zote, ya Desemba, inaizidi kwa dakika 25 hivi tu. Siku hiyo ya Juni jua linapofika juu kabisa huwa nyuzi 63 kutoka upeo wa macho. Mtu wa London mwezi Desemba ana mwanga usiofika saa 8, na jua lake la adhuhuri liko nyuzi 15 tu, karibu liguse mapaa ya majirani. Kwa hiyo maelezo ya mtandaoni yanayotoka Ulaya, yanayoonya kwamba majani yakipukutika Novemba paneli zitazalisha sehemu ndogo tu ya kiwango cha kiangazi, ni ya kweli kwao. Kwao jua lenyewe huondoka. Letu halijaenda popote, limefunikwa.

Kinacholifunika ni upepo wa kusi. Hubeba unyevu kutoka Bahari ya Hindi, na ukifika kwetu unakutana na miteremko ya kusini ya Kilimanjaro na Meru. Hewa ikilazimika kupanda inapoa, na ikipoa inageuka wingu. Ndiyo maana mtu wa Moshi anaweza kumaliza siku kadhaa za Julai bila kuiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ingawa iko palepale juu ya kichwa chake. Ndiyo maana pia majirani wawili wenye paneli zinazofanana hawapati umeme sawa. Aliye Kibosho au Marangu anaishi karibu zaidi na wingu kuliko aliye huko chini mashamba ya miwa ya TPC, na wa Ilboru chini ya Meru hawezi kujilinganisha na wa Kisongo kwenye tambarare. Ukisikia shemeji yako wa tambarare anajisifu kwamba sola yake haijatetereka, usikimbilie kumgombeza fundi wako.

Baridi yenyewe haina kosa. Tena paneli zinaipenda. Wati zilizoandikwa kwenye kibandiko hupimwa seli ikiwa na joto la nyuzi 25 za Selsiasi, na kila nyuzi inayoongezeka hula kama asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu. Februari, juu ya bati la Moshi saa 7 mchana, paneli yaweza kufika nyuzi 60. Hapo paneli ya wati 200 imeshapoteza wati 25 hivi kwa joto tu. Mwezi Julai mawingu yakifunguka ghafla na paneli ingali baridi, utaona namba kwenye kontrola, kile kifaa kinachosimamia umeme unaotoka kwenye paneli kwenda kwenye betri, zikiruka kuliko ulivyowahi kuziona Januari. Kingo za mawingu meupe nazo hurudisha mwanga, na kwa dakika chache paneli inaweza hata kupita kiwango chake. Raha hiyo haidumu, lakini ni sababu mojawapo ya kutofunga kontrola ambayo kikomo chake cha ampea kinabana sana.

Wingu jepesi linalokuachia kivuli chako ardhini kwa kufifia hupunguza uzalishaji kwa takriban nusu. Wingu zito la kijivu, lile la siku nzima ambalo hujui kama ni asubuhi au alasiri, hukuachia baina ya sehemu 1 ya 10 na robo. Sasa tuingize namba hizo nyumbani. Chukua paneli ya wati 200. Ukiondoa hasara za nyaya, joto, vumbi, kontrola na betri, mimi huhesabu asilimia 70 ya kinachoandikwa. Siku nzuri ya kiangazi, yenye jua la kutosha sawa na saa 5 na nusu za jua kali, inakupa wati-saa (wati mara saa) 770 hivi. Siku ya kawaida ya Juni au Julai, nikikadiria saa 4, inakupa 560. Siku ya wingu zito, saa 1 na nusu, inakupa 210.

Nyumba yenyewe inakula kiasi gani? Taa 4 za wati 5 kwa saa 5 ni wati-saa 100. Televisheni ya wati 40 kwa saa 4 ni 160. King'amuzi, 50. Simu tatu, 40. Jumla 350. Kwa hiyo hata siku ya kawaida ya Juni mfumo huu unajitosheleza na kubakiza. Wastani wa mwezi hauui mtu. Kinachoua ni siku za wingu zinazofuatana: kila moja inaacha deni la wati-saa 140, na deni hilo linalipwa na betri.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na ndipo mafundi wengi wanapopita haraka. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu, hivyo unazo 600 za kutumia. Kwa deni la 140 kwa siku, betri mpya iliyojaa inavumilia siku 4 za utusitusi, na ya tano inveta italia. Betri ya miaka mitatu iliyokwisha kupoteza nusu ya uwezo wake inavumilia mbili. Betri hiyohiyo Januari haikukuonyesha dalili yoyote, kwa sababu kila siku ilijazwa kabla ya saa 8 mchana na kila usiku iliombwa kidogo. Wingu la Juni haliharibu mfumo. Linafichua ugonjwa uliokuwepo. Mwenye nyumba ananunua paneli mpya, Agosti mawingu yanapungua, anaamini tiba imefanya kazi, na Juni ifuatayo anarudi chuoni kwetu na malalamiko yaleyale.

Kwa hiyo pima kabla ya kununua. Subiri mawingu yafunguke karibu na saa 6 na nusu mchana, kwa sababu huku kwetu jua hufika juu kabisa wakati huo na si saa 6 kamili kama tulivyozoea kusema. Hakikisha betri haijajaa, maana kontrola ya betri iliyojaa hubana umeme na itakudanganya. Soma ampea zinazoingia kutoka kwenye paneli, ulinganishe na zile zilizobandikwa nyuma ya paneli. Ukipata robo tatu au zaidi, paneli ni nzima, iache. Kisha betri: siku ambayo kontrola imeonyesha imejaa, zima kila kitu jioni, ilale bila mzigo, na upime alfajiri kabla jua halijatoka. Betri ya asidi iliyo nzima itasoma volti 12.6 au zaidi. Ikisoma 12.2 wakati haikutumika kabisa, umeshampata mgonjwa. Kipimo hiki hakifai kwa betri ya lithiamu, kwa sababu volti zake hazibadiliki sana hadi inapokaribia kuisha. Kwa hiyo tegemea skrini yake, na uangalie inachukua saa ngapi kuisha ukiwa na mzigo unaoujua.

Kosa la pili ninalolikuta juu ya mapaa ni mwelekeo, na hili linaniudhi kidogo kwa sababu kulizuia ni bure. Video nyingi za kufunga sola zinasema elekeza paneli kusini. Ni ushauri sahihi kwa watu wanaoishi kaskazini ya mbali. Kwetu, tangu kuelekea katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini. Na kaskazini hatuhitaji dira kuijua: ukiwa Moshi mjini ni Kilimanjaro, ukiwa Arusha mjini ni Meru. Paneli iangalie mlimani. Paa lenye mteremko wa nyuzi 15 likiangalia mlima hupokea jua la adhuhuri la Juni karibu moja kwa moja. Likiupa mlima mgongo, paneli ileile inapoteza takriban robo saa hiyohiyo, tena katika miezi ambayo huna cha kupoteza. Desemba upande wa kusini hupata nafuu kidogo, lakini Desemba haijawahi kumlaza mtu gizani kwa sababu hiyo.

Kuna na kivuli. Mti ulio kaskazini mwa nyumba, tuseme mgrevilea au mparachichi, Januari hautupi kivuli kwenye paa lako mchana kwa sababu jua liko upande mwingine. Juni kivuli chake kinalala juu ya bati. Fundi aliyekuja Januari hakukiona, na hana lawama, labda kwa kutouliza tu. Panda juu mwezi huu saa 4 asubuhi na tena saa 9 alasiri uangalie. Jani moja la mgomba linalokata kona ya paneli linaweza kuangusha umeme wake kwa kiasi kisicholingana kabisa na ukubwa wa kivuli, kwa kuwa seli zimeungwa kwa mfululizo, na moja ikifungwa inazuia zilizo nyuma yake. Kama paneli zako nazo zimeungwa kwa mfululizo, kivuli cha moja kinawagusa wenzake.

Ukishapima na bado unaona mfumo ni mdogo, mimi ningeongeza paneli kabla ya kuongeza betri, mradi betri iliyopo ni nzima na kontrola inaweza kuzibeba. Watu hufanya kinyume. Lakini betri kubwa isiyojazwa ni gunia kubwa lenye debe moja la mahindi. Paneli mbili za wati 200 siku ya wingu zito zinakupa 420, na ile nyumba yetu ya 350 haiingii deni hata kidogo. Usichanganye betri mpya na kuukuu. Kuukuu humvuta mpya chini.

Matumizi nayo yana adabu yake kwenye wiki za wingu. Birika la umeme na pasi ni vitu vya LUKU, yaani umeme wa gridi, si vya inveta ya kawaida, na kipupwe ndicho hasa kinachomshawishi mtu ajaribu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa msimu wa kipupwe na utabiri wa kila siku. Ukisikia mawingu kwa siku kadhaa, anza kubana usiku wa kwanza, betri ikiwa bado imejaa. Kubana siku ya nne ni kuchelewa. Wenye umeme wa gridi na inveta inayoweza kuchaji, usiku mmoja wa kujaza betri kwa gridi katikati ya wiki mbaya ni gharama ndogo kuliko betri.

Betri ya asidi haipendi kukaa nusu tumbo wiki nzima. Fuwele za salfeti huganda kwenye sahani zake, na zikikaa muda mrefu hazirudi. Agosti anga likianza kufunguka, ipe siku mbili tatu za mzigo mdogo ijae kabisa, na kama ni ya maji, ikishajaa fungua vifuniko uongeze maji ya betri, si ya bomba, hadi alama.