Kufungua planari Malindi: mito, pamba na mchanga mweusi

Chukua sumaku yenye nguvu, ifunge kwenye kipande cha nailoni, kisha ipitishe juu ya mchanga wa ufuoni kule Mambrui. Ukiiinua utaikuta imeota ndevu nyeusi. Ni chembe zenye chuma, mto Sabaki umezishusha kutoka bara na mawimbi yakazitandaza. Kwa anayekuja kuogelea hazina neno. Kwangu mimi ninayetengeneza vifaa vya sauti, zinaniletea wateja.

Mwezi uliopita alikuja kijana anayerekodi harusi na maulidi, mkononi hedifoni ya aina iitwayo planari. "Ami, hii ya kushoto yakwaruza kila tari likipigwa." Nikaivaa. Mtu akizungumza, ilikuwa safi. Tari lilipoingia, nyuma yake kikasikika kitu kama panzi aliyefungiwa ndani ya kibiriti. Nikafungua kikombe, nikamulika kwa tochi ya simu: baina ya pau mbili za sumaku zilisimama chembe nyeusi saba au nane, wima, kama miba ya samaki. Kiwambo, ule utando mwembamba unaotoa sauti, kilipocheza kwa nguvu kilikuwa kinazigusa.

Chembe hizo hazitoki kwa kupuliza. Ukipuliza unazipeleka ndani zaidi, na ile mashine ya kupulizia vumbi kompyuta inaweza kukikunja kiwambo mara moja. Nilichukua plastesini ya watoto, nikaivingirisha ikawa na ncha kama ya penseli, nikazidonoa moja moja. Nusu saa nzima, feni nimeizima, jasho linanichuruzika hadi kwenye miwani.

Kwa nini chembe nane zitoshe kuiharibu? Hedifoni ya kawaida ina koili ya waya iliyogundishwa kwenye kiwambo chembamba, mara nyingi cha plastiki, sawa na spika ya redio ila ndogo. Koili hucheza, kiwambo hufuata. Planari ni kitu kingine. Ndani yake mna kiwambo bapa cha plastiki nyembamba, unene wake mikromita chache, yaani unywele wa kichwani ni mnene kuliko huo mara kadhaa. Juu ya kiwambo umelazwa mkondo mwembamba wa kupitishia umeme, mara nyingi wa alumini, unaokwenda na kurudi kama mistari ya mtu anayelima shamba kwa plau. Mbele na nyuma zimepangwa pau za sumaku zenye mianya ya kupitisha sauti. Nyingine zina sumaku upande mmoja tu. Umeme wa muziki ukipita kwenye mkondo huo, sumaku hukisukuma kiwambo karibu chote kwa pamoja. Nafasi ya kuchezea ni finyu sana. Ukipita mchanga hapo, umepata panzi.

Neno kiwambo nalipenda kwa sababu linasema jambo lenyewe. Mwamba ngoma anajua kwamba ngozi ikilegea inalia ovyo, ikikazwa kupita kiasi inakosa uzito. Humu ndani ni hivyohivyo, ila huwezi kukipasha moto kikakaza. Kiwanda kimeshakiwamba na hapo pamekwisha. Kinachobaki mikononi mwa fundi ni hewa: iliyo mbele ya kiwambo, baina yake na sikio, na iliyo nyuma yake ndani ya kikombe.

Yamaha walitoa planari yao ya HP-1 mwaka 1976, umbo likiwa la Mario Bellini wa Italia, na tangu wakati huo watu hawajaacha kuzichokonoa hedifoni za namna hii. Maarufu kwa kuchokonolewa ni Fostex T50RP, ya Japani. Dan Clark wa Marekani alianza kwa kuzifungua hizo na kuziuza upya kwa jina la MrSpeakers, mpaka ikawa kampuni inayounda zake. Mimi ninayo T50RP Mk3, niliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Kazi yangu nayo ni kusikiliza kanda za kaseti za zamani ninazozihamishia kwenye kompyuta: taarabu za harusini, mawaidha, mashairi yaliyorekodiwa sebuleni huku jogoo akiwika dirishani.

Ikiwa mpya, T50RP haimfurahishi kila mtu. Mito yake ni myembamba, sikio linagusa ndani. Besi ya chini kabisa ni haba, halafu juu yake kidogo pana kinundu, yaani sauti imezidi hapo, kinachofanya dumbaki lisikike kama debe. Kinundu hicho kina sababu. Kiwambo chochote kina mtetemo wake wa asili, na kwenye hedifoni ya koili umeme wenyewe husaidia kuuzuia. Kwenye planari msaada huo ni mdogo, kwa hiyo lazima uzuiwe na hewa. Ndiyo maana nyuma ya kiwambo mna kipande cha kitambaa kama felti: hewa inapita kwa taabu, na ile taabu ndiyo breki.

Kabla sijasema nilichofanya, nikiri nilichoharibu. Ya kwanza niliyowahi kuifungua, si hii, niliifungua kwa bisibisi ya chuma. Nilikuwa nimeishika vizuri, naapa. Ilipofika kama upana wa vidole viwili kutoka kwenye sumaku, ikanichomoka mkononi na kuingia kwenye tundu moja, tak, ikatoboa kiwambo na kukata mkondo wa alumini. Kiwambo kilichotobolewa hakishonwi. Siku hizi skrubu nikishazilegeza kwa mbali, kila kitu kingine nakifanya kwa vijiti vya mshikaki na kibano cha plastiki. Meza naipangusa kwa kitambaa chenye maji kwanza, kwa sababu ya ule mchanga.

Nilianza na mito. Nikaiondoa ile ya asili nikaweka minene zaidi, ya ngozi ya bandia isiyo na matundu, iliyo nene kwa nyuma kuliko mbele ili kikombe kifuate mteremko wa kichwa. Hapo hapo besi ikafika chini zaidi, sauti ikafunguka. Hakuna muujiza: mto mwembamba ulikuwa unavuja, na besi ndiyo ya kwanza kukimbia kwenye ufa. Mwenye miwani anaupata ufa huo nyuma ya sikio, pale unapopita mkono wa miwani. Dada mmoja anayehariri vipindi vya redio aliniambia hedifoni yake "haina besi", nikamwuliza kama anaivalia juu ya mtandio. Ndiyo. Nikamshauri atafute mito laini iliyo mipana, ikandamize kitambaa chote kuzunguka sikio bila mkunjo. Akapona bila mimi kufungua skrubu hata moja.

Baada ya mito nikaingia nyuma. Ndani ya kikombe nikaweka pamba, ile ya kawaida ya duka la dawa, niliyoichambua ikawa nyepesi kama ukungu. Mara ya kwanza niliijaza kama mtu anayejaza godoro, sauti ikafa: waimbaji wakawa kama wanaimba ndani ya kabati. Nikatoa nusu, kisha nusu ya iliyobaki. Kiasi kilichonipendeza kinalingana na yai la kuku kikikunjwa, ingawa kikitandazwa kinajaza kikombe. Kile kinundu kikapungua, na mwangwi wa plastiki nao. Matundu ya pembeni ya kikombe nilijaribu kuyaziba yote kwa tepu, besi ikakauka. Nikafungua kidogo kidogo mpaka dumbaki likarudi kuwa la ngozi.

Watu wengi hubandika pia kitu kizito ndani ya kikombe ili plastiki isitetemeke. Mafundi wa nchi za baridi hutumia plastesini. Nami niliiweka, mwezi wa pili, kaskazi limetulia na kibanda changu kina bati. Jioni nilipofungua nilikuta imelegea na mafuta yake yamelowesha ukingo wa felti. Nikasafisha kila kitu, nikabadilisha felti, na mahali pake nikaweka vipande vya ile tepu ya lami yenye mgongo wa alumini inayozibia mabati yanayovuja. Hiyo imeshika.

Sasa, je, yote haya yalileta tofauti, au nilikuwa najifurahisha? Mtu aliyekesha na bisibisi hawezi kuwa hakimu wa kazi yake. Sauti ikipanda hata kidogo, sikio linaiona bora. Na watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba kadiri sauti inavyokuwa kubwa ndivyo besi inavyosikika zaidi. Basi ukilinganisha hedifoni mbili bila kusawazisha kiwango, utachagua iliyolia zaidi na kuisifu kwa maneno mengine.

Ninavyofanya ni hivi. Katika ubao nimetoboa tundu, ndani yake nimezamisha maiki ndogo ya kupimia, na kuizunguka nimeweka mpira laini ili mto ukae bila kuvuja. Kompyuta inapiga mlio unaopanda kutoka Hezi 20 (mitetemo 20 kwa sekunde) hadi 20,000 kupitia programu ya bure iitwayo REW, nami napata mchoro wa ukubwa wa sauti. Naivua na kuivalisha upya mara tano, kisha nachukua wastani, maana ukisogeza kikombe kidogo tu mchoro wa juu ya Hezi 8,000 unabadilika kabisa. Michoro yangu haifanani na ya watu wengine wenye masikio ya bandia ya bei ghali, wala siilinganishi nayo. Naitaka initajie tofauti ya jana na leo kwenye ubao uleule.

Njia nyingine haina gharama. Badilisha kikombe kimoja tu, kingine kiache kilivyo, kisha cheza wimbo uleule pande zote mbili. Ukishachagua upande, igeuze hedifoni, kulia kuwe kushoto. Ukiona bado unachagua sikio lilelile badala ya kikombe kilekile, tatizo ni sikio. Nililiona hilo kwangu mwenyewe na sikulifurahia.

Kisha nikamwita mpwa wangu. Hedifoni yenyewe huwezi kuijaribu ukiwa hujui umevaa ipi, uzito na mito vinakuambia hata ukifumba macho. Kwa hiyo tulirekodi sauti ya kila hatua kupitia ubao, kipande kimoja cha udi na taishokoto, tukasawazisha viwango, akawa ananichezea rekodi hizo kwa hedifoni nyingine bila kunitajia ipi ni ipi. Mito ya zamani na mipya: mara kumi, nikapata zote kumi. Pamba na bila pamba: tisa. Tepu ya lami, ile niliyoihangaikia wiki mbili: sita. Mpwa akacheka, "Mjomba, hata ukirusha shilingi utapata hizo." Sijaitoa lakini. Kuitoa ni kazi.

Kama waya wa ghali huboresha sauti, hilo ndilo usiniulize, ingawa kila wiki naulizwa. Planari ina tabia moja nzuri: ukinzani wake, yaani jinsi inavyouzuia umeme, haubadilikibadiliki kutoka besi hadi trebo, kama ni omu 50 ni 50 karibu kote. Waya mwembamba ukiongeza omu moja, umepoteza chini ya desibeli 0.2 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na umepoteza kiasi hichohicho kila mahali. Kitufe cha sauti kinairudisha. Hedifoni za koili ndizo zinazoweza kubadilika tabia zikichomekwa kwenye amplifaya yenye ukinzani mkubwa, kwa sababu omu zao hupanda na kushuka. Planari inachotaka ni nguvu. T50RP Mk3 hutoa desibeli 92 kwa miliwati moja. Ukiipa volti moja inakula miliwati 20 na kufika kama desibeli 105. Kwa wimbo wa kisasa uliorekodiwa kwa sauti kubwa, adapta ya simu ya kuchomekea hedifoni yatosha. Kwa kaseti yenye sauti hafifu ya mzee anayesoma utenzi mbali na maiki, nahitaji amplifaya.

Ninayo pia planari nyingine, Hifiman HE400se, ya omu 25, iliyo wazi nyuma. Wengi watakuambia ni bora kuliko T50RP na kwa muziki wa ala wana hoja: udi unatoka na mbao zake, kidole kinasikika kikiteleza kwenye uzi. Lakini kati ya Hezi 1,000 na 2,000 pana bonde, na mwimbaji anarudi nyuma hatua moja, kama aliyepisha wageni. Mimi nasikiliza maneno, sitaki arudi. Halafu ikiwa wazi, kila kitu kinaingia: feni, tuktuk, kunguru wa kwenye mwembe, jirani anayetwanga. Saa tano usiku naipenda. Mchana naiacha ndani ya bati la biskuti pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, kwa maana hewa yetu ya chumvi hubambua ngozi ya bandia na kutia kutu ya kijani kwenye jeki, ile ncha ya waya ya kuchomekea. Watu huniambia nitumie mchele. Mchele niachieni wali.

Yule kijana wa maulidi nilimrudishia yake safi, nikampa na mfuko wa kitambaa wenye kifungo. Juzi nimemwona ufuoni anarekodi ngoma, mfuko kaukalia, hedifoni kailaza mchangani.